Kobe Wetu Aliyepanda Klaudi

Mimi ni mtu mzima, nina binti wa chuo kikuu, nina goti linalouma baridi ikizidi, na ni mchezaji hodari wa gemu ya kukusanya viumbe. Nasema mapema kwa sababu watu wakilisikia hilo la mwisho hutabasamu kwa huruma, na huruma yao siitaki. Miaka ile ya mwisho kabla ya korona, ungekwenda Digbeth, hapa Birmingham, wanakokutana wachezaji ukawauliza, wangekwambia kuna Auntie mmoja wa Acocks Green, na ukitaka kubadilishana naye kiumbe, ujipange.

Gemu yenyewe si ngumu kuieleza. Unatembea katika nchi iliyomo ndani ya skrini, msituni, mapangoni, ufuoni, na kila mahali kuna viumbe. Wengine wana mbawa, wengine pembe, wengine hata hujui kama ni mnyama au mmea. Unawakamata, unawalea, unawapa majina. Kila kiumbe ana maandishi yake anayotembea nayo maisha yote, kwamba alikamatwa mahali gani na nani. Ukimpa mtu mwingine, na huyo naye akampa wa tatu, jina la aliyemkamata kwanza halifutiki. Niliipendea gemu hilo moja kabla sijaipendea lingine lolote.

Mwenye mashine alikuwa binti yangu. Tulimnunulia tukiwa bado Uholanzi. Sisi ni Wasomali wa Mombasa. Kutoka Mombasa tulikwenda Nairobi, Nairobi tukaenda Uholanzi, Uholanzi tukaja hapa, mama yangu, mimi na mtoto, na kila tulipohama tuliacha kitu. Cherehani ya mama ilibaki Mombasa. Albamu ya picha tuliiacha Eastleigh, Nairobi, kwa jirani, tukasema tutaifuata, na jirani naye akahama. Ndani ya albamu ile ndimo zilimokuwa picha zote za marehemu baba yangu. Binti yangu hajapata kuiona sura ya babu yake mpaka leo.

Huko Uholanzi mtoto alikuwa na miaka saba na shuleni hakufungua kinywa. Walimu walidhani ana tatizo la masikio. Masikio yalikuwa mazima, ila lugha yao hakuwa nayo, na yeye si mtu wa kusema jambo nusu. Akirudi nyumbani alikuwa anajibanza chini ya ngazi na mashine yake, anazungumza na kobe mmoja mdogo aliyemkamata mwenyewe, mwenye kitaa kinachowaka mgongoni, bapa kama chapati. Akamwita Chapo. Swali la kwanza kila siku lilikuwa lile lile: "Chapo, umekula?" Halafu anamsimulia mambo yote, nani kamvuta nywele, nani kamcheka, chakula gani kimemshinda. Mimi nikiwa jikoni nakanda unga nilisikiliza kimya kimya. Habari za mwanangu nilizipata kupitia kwa kobe.

Tulipofika Birmingham Kiingereza kilimwingia mara moja, na Kiswahili kikaanza kujiondokea. Mpaka anakwenda chuo Leeds alikuwa anasikia kila neno, hata la kusengenyana, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mashine aliitupa kwenye droo alipoanza ujana. Mimi siwezi kuona kitu kizima kimelala bure, basi nikaitoa. Nilianza kwa kujaribu tu, nikiwa kituoni nangoja treni. Kisha nikawa nacheza saa ya chakula kule kiwandani Tyseley ninakokagua vali za mabomba. Mwisho wake nikawa nacheza huku wali unaungua. Chapo alikuwa mbele kila mahali, akitembea na kitaa chake, na mimi nyuma yake nikikamata kila kinachopumua.

Kule Digbeth tulikuwa tunakutana siku za Jumamosi katika ghala la zamani lililogeuzwa mkahawa. Vijana wenye nywele za zambarau, wababa na ndevu zao, na katikati yao mwanamke wa Kihindu aliyezaliwa Jinja, Uganda, mstaafu wa duka la dawa, kavaa sari na raba nyeupe. Yeye alinizidi umri na, nakiri kwa uchungu, kwa upande wa viumbe wa majini alinizidi pia. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kwao, hakikuwa na mapambo, na kilinikaa vizuri.

Siku moja aliitazama mashine yangu akaanza kunihoji. "Sikiza, dada. Hawa wote iko ndani ya hii mashine moja tu?"

"Ndiyo."

"Na mashine ikienda?"

"Iende wapi? Si iko mkononi mwangu."

"Hata sisi Jinja nyumba ilikuwa mkononi," akasema, anatafuna chevda, vile vitafunio vya Kihindi, taratibu. "Halafu tukaambiwa toka. Mama yangu alijaza sanduku sahani. Sahani, dada. Zote zilivunjika njiani. Weka wanyama wako klaudi."

Alinieleza klaudi ni nini. Ni ghala lililo mbali, wala halionekani, ambalo unalifungua kwa akaunti yako na paswedi yako ukiwa na mashine yoyote, popote ulipo. Mashine ikivunjika, ikiibwa, ikizama, viumbe wako hawajaguswa. Mimi ghala ambalo sijauona mlango wake silipendi. Na nilipoambiwa kwamba kiumbe ukishampandisha klaudi anatoweka kabisa mashineni, nilitaka kuondoka nikapande basi langu.

Hata hivyo maneno ya zile sahani hayakunitoka. Jioni moja baada ya kazi nilikaa kwenye meza ya jikoni nikapandisha wadudu wadogo wadogo ambao hata wangepotea nisingelia. Kesho yake nikawashusha. Wakarudi wazima, na majina yao, na maandishi yao. Basi nikapata moyo, nikaanza kuwapandisha kwa makundi.

Sasa, gemu ile ina sharti lake, kwamba huruhusiwi kubaki mtupu. Lazima mashineni abaki kiumbe mmoja wa kutembea na wewe. Kwangu mimi huyo alikuwa Chapo, hapakuwa na mjadala. Mwanamke wa Jinja aliposikia alinitolea macho. "Umeficha mawe, umeacha dhahabu barabarani? Acha panya. Kobe apande." Nikamtafuta panya mmoja mwenye meno mabaya, nikamwacha yeye, nikampandisha Chapo. Pale alipokuwa amesimama pakabaki peupe. Nilijisikia kama nimemwacha mtoto stendi.

Lakini lazima niseme ukweli wa jambo lile, maana ndilo lililonifanya nitembee kifua mbele. Kule klaudi niliwapanga upya. Wa majini upande wao, wa usiku upande wao, na waliokamatwa na binti yangu wakapata chumba chao peke yao. Kisha nikagundua kwamba waliokuwa wamenaswa katika gemu ya zamani, ile ya Uholanzi, wangeweza kushushwa katika gemu mpya. Kiumbe aliyekamatwa chini ya ngazi zetu kule angeweza kutembea katika nchi iliyotengenezwa mtoto ameshakuwa mwanamke. Hakuna chetu kingine kilichowahi kuvuka vile. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mali inayohama nami bila kubebwa, na haikuachwa kwa jirani.

Mwaka ule shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja kututembelea kutoka Mombasa. Mama alimpokea wifi yake kama malkia. Shangazi ana pua ya baba na paji la uso la baba, na mara nyingi nilimkuta mama amekaa anamtazama tu, chai inapoa.

Kwetu mgeni wa safari ana taratibu zake. Sanduku lake hukaa wazi ukumbini siku zote za mwisho, na kila mtu wa nyumba hutia alichonacho: vitamini, manukato, jezi, simu ya zamani, viatu vilivyombana mtu. Lakini hutii mbele ya watu. Kumkabidhi mgeni zawadi mkononi ni kujionyesha. Unaificha chini kabisa ndani ya nguo, aikute akifika kwake. Hivyo kila kitu kilichotoka nyumbani mwetu kwenda Mombasa tulikijua siku picha ilipoletwa kwenye simu.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza shangazi mpaka Digbeth kwenye mabasi ya uwanja wa ndege. Sanduku nililiburuta mimi, na nililalamikia uzito wake njia nzima. Nilimbusu shangazi, nikapunga mkono mpaka basi likakata kona. Mashine yangu ilikuwa mle mle ndani, imevishwa soksi, imesukumwa ndani ya kiatu, na mimi, bila kujua, niliipungia mkono nikicheka.

Niliporudi nyumbani niliitafuta kwenye kochi, jikoni, chini ya kitanda. Mama alikuwa amekaa na tasbihi yake.

"Unatafuta nini?"

"Mashine yangu ya gemu."

"Ile ya mtoto?"

"Yangu, mama."

"Imekwenda Mombasa," akasema, kama anayenitajia saa. "Shangazi yako ana mjukuu wa kike hana hata kitu kimoja cha kuchezea. Wewe una kazi Tyseley."

Mtu hampandishii mama yake sauti. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria zilizokuwa safi, na niliziosha kwa kelele. Mama akaniambia kutoka sebuleni nisikwaruze ile kubwa.

Siku chache baadaye ikaja picha. Msichana mdogo, meno mawili ya mbele hana, ameikumbatia mashine kama mtu aliyepewa ng'ombe. Nikataka kukasirika nikashindwa. Chini ya picha palikuwa na ujumbe wa sauti. "Asante sana shangazi. Nimeanza mwanzo. Ile ya zamani nimeifuta, ilikuwa na panya mmoja tu."

Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Kumwomba mashine irudi lilikuwa jambo lisilowezekana, zawadi ikishavuka mlango wetu hairudi. Na hata ingerudi, imeshafutwa. Kilichokuwa kimebaki ni ghala ambalo mlango wake sikuwahi kuuona, na ambalo nilikuwa sijalifungua hata mara moja kwa mashine nyingine. Nilijua nimempandisha Chapo. Sikuwa najua kama naweza kumshusha.

Binti yangu akaja wikendi ile. Bibi yake akamsimulia kwa fahari jinsi mashine ilivyomfurahisha mtoto wa Mombasa. Nilimwona mwanangu anavyobadilika uso. Hakumjibu ayeeyo, kama anavyomwita bibi yake kwa Kisomali. Alinigeukia mimi.

"Where's Chapo, Mum?"

"Yuko klaudi."

"Are you sure? Did you check?"

Nilianza kumweleza habari za paswedi, na hilo lilimtosha. Akapanda chumbani kwake. Nilimfuata nikamkuta amekaa kitandani, mikono katikati ya magoti, vilevile alivyokuwa anakaa chini ya ngazi. Akasema kwa Kiingereza chake, polepole, kwamba mwaka ule wa kwanza shuleni hakuwa na mtu mwingine. Alisema siku zote alijua mashine iko kwangu, na kwa hiyo Chapo yupo, na ndiyo sababu hakuwahi kuuliza. Niliumia. Nilikuwa nimedhani ni mimi tu ninayemkumbuka kobe yule.

"Kesho twende Digbeth," nikamwambia.

Asubuhi tulipitia duka moja la vitu vilivyotumika pale Acocks Green, nikanunua mashine ya mitumba, imekwaruzwa mgongo lakini skrini nzima. Ningeweza kujaribu nyumbani. Sikutaka. Kama kobe amepotea nilitaka apotee mbele ya watu wanaojua maana yake, wala si mbele ya mama na tasbihi yake.

Mwanamke wa Jinja alitupisha kiti. Hakuuliza mengi. Nilimwambia mashine imekwenda na mgeni, akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za kawaida. Nikaingiza akaunti. Paswedi ilikuwa jina la mtaa wetu wa Mombasa, na vidole vyangu vikaikosea kwanza, vikaipata. Skrini ikaandika tusubiri. Kikaanza kuzunguka kile kiduara. Vijana wakasogea nyuma yetu, mmoja ameshika kahawa yake bila kuinywa. Binti yangu hakuwa anatazama skrini, alikuwa ananitazama mimi. Nikauona ujinga wangu, mwanamke wa umri huu, kwa ajili ya kobe.

Vyumba vikafunguka kimoja kimoja. Wa majini. Wa usiku. Kila mmoja mahali pake, kama nilivyowapanga kwenye meza ya jikoni. Nikasogea mpaka chumba cha binti yangu, na pembeni kabisa palikuwa na kitaa kinawaka.

Nilimpa mashine. Akafungua maandishi ya Chapo, na pale pakasomeka jina lake mwenyewe, aliyemkamata, na mahali alipomkamatia. Akamshusha. Kobe akasimama kwenye nyasi za skrini akageuka kututazama. Mwanangu akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Chapo, umekula?"

Alisema hivyo, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile. Mwanamke wa Jinja akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kuficha, na nilipomaliza kulia nilisimama nikawaambia wale vijana wote kwamba kobe huyu ana miaka kumi na zaidi, amezaliwa katika gemu ambayo haiuzwi tena, amevuka bahari, mashine yake imefutwa Mombasa, na angalieni, yuko hapa. Wakapiga makofi. Nilijisikia fahari ambayo sijaisikia hata siku niliyopewa pasipoti.

Nyumbani tulimwonyesha mama. Aliikamata mashine kwa mikono miwili, mbali na uso, kwa sababu ya macho yake.

"Huyu ndiye niliyempeleka Mombasa?"

"Hukumpeleka, mama. Ulipeleka mashine. Yeye alikuwa klaudi."

Nikamweleza, kama mwanamke wa Jinja alivyonieleza, kuhusu ghala na akaunti na mashine yoyote. Nikamwambia hata picha huwekwa vilevile, picha za watu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama klaudi hiyo ilikuwepo wakati ule tunatoka Nairobi.

"Haikuwepo, mama."

Akatikisa kichwa. "Ingekuwepo," akasema, "nisingengoja wifi yangu apande ndege ndiyo nimuone mume wangu."

Binti yangu alimsogelea, akatoa simu. Alimtumia shangazi ujumbe Mombasa, kwa Kiswahili kilichomtoa jasho, akiomba picha yake ya karibu, uso mzima, kwenye mwanga mzuri. Ilipofika aliihifadhi klaudi mbele ya macho ya bibi yake, akamwonyesha ilipokaa. Mama aliitazama sana ile pua. Akamwomba amwonyeshe tena jinsi ya kuifungua, na safari hii akabonyeza mwenyewe.

Tangu siku ile mama alianza kuisifu klaudi kwa majirani kana kwamba ameijenga yeye. Mimi nilirudi kwenye mbio zangu. Yule msichana wa Mombasa alikuwa mchezaji mkali kuliko nilivyotazamia, ila kaka yake mdogo alimnyang'anya mashine kila siku, na malalamiko yao yalitufikia kwa ujumbe wa sauti, wote wawili wakipiga kelele kwa pamoja.

Miezi ikapita, akaja binamu yangu kwa shughuli zake, na alipokaribia kurudi Mombasa sanduku lake likakaa wazi ukumbini. Nilikuwa jikoni nakanda unga. Mama akaja akasimama mlangoni, mkono mmoja ameuficha nyuma ya buibui.

"Hii yako," akasema, "vilivyomo ndani vimepanda?"

Nikamtazama. Katika maisha yake yote ya kufungasha, hakuwahi kumuuliza mtu kabla.

"Vyote, mama. Kabaki panya."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta soksi.